Bunduki ya Kujifunzia Shabaha

Mtu anayejifunza kuendesha baiskeli hapewi baiskeli iliyofungwa gunia la mahindi nyuma. Ataanguka, ataumia, na kesho yake hatataka kuigusa tena. Anapewa baiskeli tupu, tena fupi, ili miguu ifike chini.

Mambo ya bunduki ni hayo hayo. Lakini kwenye bunduki watu wengi hufanya kinyume. Mwanafunzi hukabidhiwa bunduki kubwa ya vita siku ya kwanza, naye kwa kuona haya hasemi kitu.

Ndugu msomaji, somo la leo linaeleza jinsi ya kuchagua bunduki ya mtu anayeanza kujifunza kulenga shabaha. Tutatazama mafunzo yanayofanyika Marekani, kwa sababu huko raia wengi wana bunduki, na mafunzo ya wanaoanza yamepangwa hatua kwa hatua. Kwetu Tanzania, na Kenya pia, raia haruhusiwi kuwa na bunduki bila leseni. Kwa hiyo somo hili halimtumi mtu dukani. Lakini mgambo wapo, askari wa wanyamapori wapo, wawindaji wenye leseni wapo. Wote hao siku moja walikuwa wanafunzi, na wengine sasa ni walimu.

MAFUNZO YA SIKU MBILI

Huko Marekani kuna mpango unaoitwa Project Appleseed. Neno Appleseed maana yake ni mbegu ya tufaha. Mpango ulianza mwaka 2006. Mara nyingi mafunzo huchukua siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na walimu wake hujitolea. Wanafunzi ni wazee, vijana, akina mama, hata watoto wakiwa na wazazi wao. Wakati wa kupumzika walimu husimulia habari za tarehe 19 Aprili 1775, siku ambayo wakulima wa Lexington na Concord walipigana na askari wa Mwingereza.

Shabaha ni karatasi, nayo huwekwa mita 25 tu kutoka kwa mwanafunzi. Utauliza, mbona karibu hivyo? Karatasi ina picha za ukubwa mbalimbali. Picha kubwa huonekana kama kitu kilicho yadi 100. Iliyo ndogo kabisa huonekana kama kitu kilicho yadi 400. (Yadi moja ni pungufu kidogo ya mita moja.) Hivyo uwanja mdogo unatosha, na mwanafunzi huenda mwenyewe kuyaona matundu aliyotoboa. Huo ni utaratibu mzuri sana. Mtu hujifunza upesi akiona kosa lake hapo hapo.

Kisha kuna mtihani wa risasi 40. Hupigwa kwa mafungu manne, kila fungu risasi 10. Fungu la kwanza ni la kusimama, la pili la kukaa, la tatu na la nne ni la kulala kifudifudi. Alama zote ni 250. Anayepata 210 au zaidi amefaulu.

ADUI WA MWANAFUNZI

Sasa basi, bunduki gani inafaa?

Kabla ya kujibu, tumjue adui. Adui wa mwanafunzi ni kushtuka. Bunduki ikilia kwa kishindo na kulisukuma bega kwa nguvu, mwili hauisahau siku hiyo. Safari ya pili, kabla risasi haijatoka, macho yanafumba, bega linajikaza, mkono unavuta bunduki chini. Mwenyewe hajui kama anafanya hivyo! Atasema bunduki ni mbovu, au risasi ni za zamani. Na ukimwambia ameshtuka atakataa, hasa akiwa mwanamume mbele ya wenzake.

Walimu wana njia ya kumwonyesha. Mwalimu anachukua bunduki ya mwanafunzi, na kwa siri anachanganya risasi nzima na ganda la bandia lisilo na baruti. Mwanafunzi hajui ni ipi imefika zamu. Akivuta, mara bunduki inalia, mara inasema "tik" tu. Kwenye ile "tik" ndipo watu wote wanaona mdomo wa bunduki ukiruka chini, wakati hakuna kilichoisukuma. Hapo ubishi unakwisha.

Kuiondoa tabia hiyo ni kazi kubwa kuliko kuizuia. Ndiyo maana bunduki ya kwanza isimtishe mtu.

BUNDUKI NDOGO NA BUNDUKI KUBWA

Walimu wengi humshauri anayeanza atumie bunduki ya .22. Soma hivi: pointi ishirini na mbili. Maana yake, ugawe inchi moja sehemu 100, uchukue sehemu 22. Huo ndio upana wa tundu la mtutu, karibu milimita 5.6.

Wazee wetu waliokuwa KAR, yaani jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walibeba bunduki ya .303. Hebu tuzilinganishe. Risasi ya .303 ina uzito wa gramu 11 hivi, ile ya .22 ina gramu 2.6. Yaani ile kubwa ni nzito mara nne na zaidi. Tena huenda mbio mara mbili hivi ya hiyo ndogo. Kinachokwenda mbele kwa nguvu hurudisha bunduki nyuma kwa nguvu. Kwa hiyo bega la mtu wa .303 linapokea kishindo, na bega la mtu wa .22 linaguswa tu.

Kuna sababu nyingine, nayo ni fedha. Risasi za .22 ni rahisi sana kuliko za bunduki kubwa. Katika siku mbili mwanafunzi hupiga mamia ya risasi. Mwenye bunduki kubwa ataanza kubana matumizi, na anayebana hajifunzi.

Wengine hudharau .22 wakisema ni ya watoto. Wanakosea. Kwenye michezo ya Olimpiki washindani hutumia .22 kulenga shabaha ya mita 50. Hata ule mchezo wa nchi za baridi, wa kuteleza juu ya theluji na kupiga shabaha, uliacha bunduki kubwa ukachukua .22 mwaka 1978.

IMKAE MWILINI

Bunduki ni kama jembe. Mpini ukiwa mrefu mno kwako, utalima lakini mgongo utakuambia. Pima hivi. Bunduki iwe haina risasi. Kunja mkono kwenye kiwiko, weka kitako cha bunduki pale mkono ulipokunjika, kisha nyosha kidole cha shahada. Kidole kikifika vizuri kwenye kifyatulio, yaani kile kijiti cha kuvutwa, kitako kinafaa. Kisipofika, kitako ni kirefu. Watoto na akina mama wengi hupewa kitako kirefu, wakajipinda nyuma ili wasianguke, halafu watu wanasema hawana nguvu. Tatizo si nguvu, ni kitako!

Uzito nao utazamwe. Moja ya .22 zinazotumika sana Marekani ni Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Uzito wake ni kilo 2.3 hivi. Lee-Enfield, ile .303 ya KAR, ina kilo 4 hivi. Kumbuka fungu la kwanza la mtihani ni la kusimama, bila kuegemea kitu.

Hiyo Ruger hujipakia yenyewe risasi inayofuata, lakini kila risasi sharti uvute kifyatulio upya. Ina magazini, yaani kisanduku cha kuwekea risasi, kinachochomolewa. Kinachukua risasi 10. Kwa mtihani ule inasaidia, maana fungu la pili lina sekunde 55 tu, na ndani yake unabadilisha magazini. Bunduki ya kuvuta komeo kwa mkono inakubaliwa pia. Kwa maoni yangu, kama hakuna mtihani wa haraka, ya komeo ni bora kwa siku ya kwanza kabisa. Inamlazimisha mtu atulie baada ya kila risasi.

Usisahau mkanda. Watu hudhani mkanda ni wa kubebea begani tu. Ukizungushwa vizuri kwenye mkono na kukazwa, unashika bunduki isitikisike. Ni kitu cha bei ndogo, na faida yake ni kubwa.

MACHO

Watu wengi wana jicho moja linaloongoza. Fanya jaribio hili sasa, halihitaji bunduki. Nyosha mikono mbele, uunganishe viganja ubakize kitundu kidogo katikati. Tazama mti wa mbali kupitia kitundu hicho kwa macho yote mawili. Sasa fumba jicho la kushoto. Mti ukibaki, jicho lako la kulia ndilo linaloongoza. Ukipotea, ni la kushoto. Bunduki hushikwa upande wa jicho linaloongoza, ikiwezekana. Mwanafunzi mwingine anahangaika siku nzima kumbe anatumia jicho lisilo lake.

Na sisi tuliosoma darasani tukiwa watu wazima tunajua jambo jingine: baada ya miaka 45 hivi, herufi zinakimbia, unasogeza gazeti mbali. Alama ya mbele ya bunduki nayo inafanya ukungu vile vile. Mtu wa umri huo akipewa darubini ya kulengea si uvivu. Kijana mwenye macho mazuri aanze bila darubini.

NDOGO LAKINI INAUA

Kusukuma bega kidogo kusimdanganye mtu. Risasi ya .22 inaua mtu, nayo huweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Nyuma ya shabaha sharti kuwe na kilima au tuta nene la udongo. Ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi, hata kama umeambiwa haina. Usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umeshalenga. Jua kilichopo nyuma ya shabaha.

Risasi ikikataa kulia, usigeuze bunduki kuitazama! Ielekeze pale pale kwenye shabaha, hesabu taratibu mpaka 30, ndipo uifungue. Wakati mwingine baruti huchelewa kuwaka.

Ziba masikio, vaa miwani ya kukinga macho. Na ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kiswahili chetu kinatukumbusha: risasi ni jina la kile kinachotoka kwenye bunduki, na pia ni jina la madini yenyewe, nayo ni sumu mwilini, hasa kwa watoto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwanafunzi amepata alama 32, 38 na 41 katika mafungu matatu ya kwanza. Fungu la nne lina alama 100. Apate ngapi humo ili afikishe 210?

2. Mama mmoja anajipinda nyuma anaposhika bunduki. Mwalimu atazame nini kwanza?

3. Bunduki imesema "tik" na mdomo wake umeruka chini. Mwanafunzi anasema bunduki ni mbovu. Utamjibuje bila kumwaibisha mbele ya wenzake?