Soko la Intaneti: Tupige Hesabu Kwanza

Vikapu vya milulu vya Iringa husukwa kwa mkono. Siku hizi tunaweza kuviuza kwa intaneti, kwa simu tu. Lakini katika soko hilo kikapu chetu kinapangwa pamoja na vya viwanda vya ng'ambo. Mashine hutoa vingi, kwa bei ndogo. Je, nasi tushushe bei? Tupige hesabu.

Tuseme mteja analipa shilingi 60,000:

Milulu na rangi: 8,000
Ada ya soko, asilimia 10: 6,000
Kufunga na kusafirisha: 22,000
Jumla ya gharama: 36,000

Tunabaki na 24,000. Tukisuka kwa siku 4, tunapata 6,000 kwa siku.

Tukishusha bei hadi 40,000, ada itakuwa 4,000 na gharama 34,000. Tunabaki na 6,000, yaani 1,500 kwa siku. Kumbe tumewafanyia wengine kazi!

Kwa bei mashine hatuiwezi. Tushindane kwa ubora. Tupige picha mchana, tuandike vipimo na mahali kiliposukwa. Tena tupeleke kikapu kinachofanana na picha.

Swali: Bei ikiwa 60,000 na ada asilimia 15, tutabaki na shilingi ngapi?