Jalada la Jarida: Tulivyokosea na Tulivyojirekebisha

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, hebu lifunge jarida hili ulitazame jalada lake, kisha urudi hapa. Umerudi? Basi fahamu kwamba ulichokiona kilituchukua wiki tano, na chanzo chake ni aibu.

Mwaka jana kamati ya jarida ilinipa mimi kazi ya jalada. Nilitaka kumridhisha kila mtu. Niliweka nembo ya shule, wito wa shule, picha ya mwalimu mkuu, picha ya mwalimu mlezi wetu, timu ya kandanda, waigizaji, kamusi iliyofunguliwa na beti mbili za shairi. Nilitaka kusahau: na jua likichwea nyuma ya vyote hivyo! Tulichapisha nakala 300. Siku ya wazazi tulizipanga mezani karibu na lango, na wazazi wakapita zao. Mama mmoja alituuliza kama ile ndiyo ratiba ya siku. Ratiba, jamani! Jioni tulihesabu nakala 211 zilizobaki, na mpiga chapa bado alikuwa anatudai. Lakini pesa si kitu. Ndani mlikuwa na hadithi ya mwenzetu wa kidato cha pili ambayo kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote tulizowahi kuchapisha. Waliosoma hadithi ile hawakuzidi darasa moja. Mimi ndimi niliyeifungia mlango.

Kosa langu lilikuwa moja tu: nililifanya jalada liwe ubao wa matangazo. Jalada halina kazi ya kueleza kila kitu kilichomo. Kazi yake ni kumsimamisha mtu anayepita, na mtu husimamishwa na kitu kimoja. Wakenya waliotutangulia walilijua hilo. Jarida la Joe, ambalo Hilary Ng'weno na Terry Hirst walilianzisha Nairobi mwaka 1973, lilijulikana kwa michoro ya Hirst ya maisha ya mwananchi wa kawaida wa mjini. Mtu alijiona mwenyewe pale, akacheka, akataka kujua kulikoni.

Basi mwaka huu hatukuanza na picha. Tulianza kwa kusoma makala yote, kila mjumbe akaulizwa: lipi limekukaa kichwani? Wengi walitaja makala kuhusu shida ya maji muhula wa kwanza. Mmoja akapendekeza tuchore wanafunzi wenye kiu, mwingine tone la maji lenye machozi. Mimi niliona hayo tumeyaona mno kwenye mabango. Ndipo msichana mmoja mkimya akasema, "Si mchore tu foleni ya ndoo?" Nani asiyeijua? Kengele inapolia watu wanaingia darasani, ndoo zinabaki kwenye mfereji kushikilia nafasi. Ndoo tisa, kila moja na alama ya mwenyewe, na hakuna mtu hata mmoja. Hiyo ndiyo picha uliyoiona.

Ikabaki kwa mwalimu mkuu. Nakiri magoti yalinitetemeka. Picha yake ilikuwa imeondolewa jaladani, na mahali pake pamewekwa ndoo! Isitoshe, angeweza kusema tunaianika shule. Mwalimu mlezi alitushauri tusiende mikono mitupu: tukabeba mchoro wetu na jalada la mwaka jana, tukayaweka mezani bega kwa bega, tukanyamaza. Aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza ile ndoo iliyofungwa waya ni ya nani. Tukajua tumepita. Picha yake iko ukurasa wa 3, pamoja na ujumbe wake, na huko inasomwa na uso wake unaonekana vizuri kuliko mwaka jana.

Sasa mambo ya ufundi, maana hapa ndipo majarida mengi ya shule huharibikia. Jina la jarida likae juu, kwa herufi nene, kwa sababu nakala zikipangwa kwa kufunikana ni sehemu ya juu inayoonekana. Tena lisibadilishwe kila mwaka kama mtindo wa nywele. Jarida la Time la Marekani limekuwa na ukingo mwekundu tangu mwaka 1927, na watu hulitambua kabla hawajasoma neno. Maandishi mengine yasizidi mistari mitatu, na aina za herufi zisizidi mbili. Manjano juu ya nyeupe usithubutu.

Jarida letu ni la A5, yaani milimita 148 kwa 210. Mchoro unaofika ukingoni uzidishwe milimita 3 kila upande, kwani mashine ya kukatia karatasi haikosi kuteleza kidogo. Na kama ni picha ya kamera, ichapwe kwa nukta 300 kwa kila inchi. Kwa ukubwa wetu hiyo ni takriban nukta 1,750 kwa 2,480. Mwaka jana picha ya timu ilitumwa kwa ujumbe wa simu, ikapunguzwa njiani, nyuso zikatoka kama zimepakwa uji. Rangi nazo hudanganya. Kompyuta huchanganya mwanga, mashine ya chapa huchanganya wino, kwa hiyo kijani kinachong'aa kwenye kioo hufifia kwenye karatasi. Omba nakala moja ya majaribio kabla ya zote kuchapwa.

Majaribio yetu wenyewe hayakugharimu kitu. Tulibandika mchoro kwenye ubao nje ya bwalo, tukarudi nyuma hatua kumi. Mara ya kwanza ndoo zilionekana kama mawe, tukazikuza na kuzipunguza kutoka kumi na mbili hadi tisa. Kisha tukautoa nakala nyeusi na nyeupe. Ndoo nyekundu ikapotelea kwenye nyasi za kijani, maana rangi zile mbili zilikuwa na weusi sawa. Tukazikausha nyasi, na kwa kweli muhula ule hata zenyewe zilikuwa zimekauka.

Michoro ya jalada la mwaka ujao inapokewa kuanzia sasa. Ichore kwa penseli kwenye karatasi ya A5, umpe katibu, na nyuma uandike jina lako na kidato chako. Jua likichwea, tafadhali, hapana.