Kufundisha Anwani za Barua Pepe zenye Ritifaa na Herufi za Alama

Mtoto wa Meatu aandikapo Ng'hoboko, jina la kata, haoni taabu. Taabu huanza pale programu ya kutuma barua pepe inapokabidhiwa anwani yenye ng' ndani yake. Mwalimu mwanachuo atakayefundisha Bariadi, Maswa au Itilima hana budi kuielewa sababu yake, maana taarifa ya maendeleo ya mtoto ikikwama njiani mzazi haipati.

Zana zinazotakiwa ni kadi za karatasi tu. Upande mmoja andika herufi, upande wa pili namba yake, kwa kuwa kompyuta huhifadhi namba, wala haijui sauti. Katika orodha ya ASCII, yenye namba 0 hadi 127, herufi a ni 97 na ritifaa iliyonyooka ni 39. Lakini simu nyingi huipinda ritifaa hiyo, nayo huwa namba 8217. Herufi é ya majina ya Kifaransa ni 233. Waulize wanafunzi: kadi zipi zitaingia katika kisanduku cha ASCII? Waache wabishane, usiwaharakishe.

Kanuni ya SMTP ya mwaka 1982 ilikubali ASCII peke yake. Ritifaa namba 39 inaruhusiwa, ingawa zipo programu zinazoikataa kwa kosa la watungaji wake. Mwaka 2012 ilitolewa nyongeza iitwayo SMTPUTF8. Programu hutazama kwanza kama seva inayopokea inaitangaza. Isipoitangaza, anwani yenye 8217 au 233 kabla ya alama ya @ haipiti. Upande wa baada ya @ una njia yake: hugeuzwa kuwa ASCII inayoanza na xn--.

Iko njia ya mkato inayowavutia wengi, nayo ni kuiagiza programu ifute alama zote. Mwalimu asiifuate. Ng'ombe ikiwa ngombe, hiyo ni anwani nyingine, pengine ya mzazi mwingine, naye atasoma matokeo ya mtoto asiye wake. Hata kugeuza 8217 kuwa 39, ambako aghalabu ndiko mwenyewe alikokusudia, kufanyike baada ya kumwuliza.

Jina linaloonekana juu ya barua si anwani, hivyo liandikwe kamili pamoja na ritifaa yake. Kwa kipindi kifuatacho, kila mwanafunzi alete majina matatu ya kwao yenye ng', ayaandike kwa namba, na jirani yake ayasome.