Komande mpya na komande zilizo mkononi: kosa langu katika zoezi la tafsiri

Muhula uliopita tulipewa zoezi la kutafsiri habari fupi ya uchumi kutoka Kifaransa hadi Kiswahili. Ilihusu ASML, kampuni ya Veldhoven, Uholanzi, inayotengeneza mashine za kuchora sakiti za chipu kwa mwanga. Tarehe 15 Oktoba 2024, matokeo yake ya robo ya tatu yalitolewa kwa makosa siku moja kabla ya wakati, na hisa zake zikashuka karibu asilimia 16 siku hiyo hiyo. Mimi niliandika: “Kampuni iliuza kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na kazi zimelimbikizana.” Mwalimu alipiga mstari chini ya sentensi nzima. Nilidhani ni suala la mtindo tu, kumbe nilikuwa nimesema uongo mara mbili.

Kwanza, kampuni haikuuza kidogo. Mauzo ya robo ile yalifika euro bilioni 7,5, na yenyewe ilikuwa imetabiri kati ya 6,7 na 7,3. (Angalieni hapa: milliard ya Kifaransa ndiyo bilioni yetu, wengine darasani walianguka hapo.) Kilichowashtua wenye hisa ni prises de commandes, yaani komande zilizoingia katika miezi ile mitatu: bilioni 2,6, ilhali wachambuzi walikadiria zaidi ya 5. Tena kampuni ilipunguza kilele cha makadirio ya mauzo ya 2025 kutoka bilioni 40 hadi 35.

Nilielewa vizuri nilipomfikiria shangazi yangu, mshonaji. Mwezi wa pili daftari lake hujaa vitenge vya tarehe 8 Machi. Mteja anaacha avansi, lakini shangazi hasemi ameuza mpaka nguo itoke. Mwezi wa tatu anapokea pesa nyingi. Ukimtazama siku hiyo utasema biashara inakwenda. Yeye anafungua daftari kuona nani ameleta kitambaa cha Pasaka. Wenye hisa wa ASML nao walisoma ukurasa huo wa mbele, na mimi nilikuwa nasoma pesa za jana.

Uongo wa pili ulitoka katika kitenzi nilichokipenda. Carnet de commandes ni jumla ya komande zote ambazo bado hazijatimizwa. Kulimbika, kwa asili, ni kukusanya kidogo kidogo, kama mtu angojeaye maji yajae kisimani. Ni tendo la subira. Lakini malimbikizo ya magazetini ni mishahara isiyolipwa na mafaili yaliyolala. Msomaji wangu angedhani mafundi wa Veldhoven wameshindwa na kazi. Ukweli ni kwamba mwishoni mwa 2024 kampuni ilikuwa bado na komande za takriban bilioni 36, na mauzo ya mwaka mzima yalikuwa bilioni 28 na kidogo. Hiyo ni akiba. Ndiyo maana sasa naandika “komande zilizo mkononi”, na zile za robo naziita “komande mpya”. Watakaosema oda badala ya komande sina ugomvi nao.

Linabaki neno “ilivyotarajiwa”. Kauli ya kutendwa inamficha mtendaji, na hapa watarajiaji walikuwa wawili: kampuni yenyewe kuhusu mauzo, wachambuzi kuhusu komande. Matarajio ya mmoja yalivukwa, ya mwingine yakavunjika, katika karatasi ile ile. Tangu 2026 ASML imeamua kutotangaza tena komande mpya kila robo, kwa hiyo mtafsiri wa kesho atakuwa na namba moja pungufu ya kuchanganya.

Sentensi niliyorudisha kwa mwalimu ni hii: “Mauzo yalizidi makadirio ya kampuni, lakini komande mpya hazikufika hata nusu ya zile walizotarajia wachambuzi.” Safari hii alisahihisha koma tu.