Kuitunza Miche ya Maboga Baada ya Kuihamisha

Katika mtaa wa Huruma, mashariki ya jiji la Nairobi, nyumba ni za ghorofa nyingi na ardhi ya kulima ni haba mno. Hata hivyo mtu asiye na shamba aweza kupanda mboga katika gunia lililojazwa udongo. Kilimo cha namna hii kilienea katika mitaa kama Kibera na Mathare tangu mwaka 2008, na katika mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini.

Boga ni mmea wenye faida kubwa katika mahali padogo, kwa kuwa majani yake ni mboga na tunda lake ni chakula cha kushibisha. Lakini miche mingi hufa katika juma la kwanza baada ya kuhamishwa. Hasara hiyo si ndogo kwa mtu anunuaye maji kwa mtungi, kwani hupoteza maji, mbegu na majuma matatu ya kazi, na huenda mvua ikapita kabla hajapata miche mingine.

Sababu ya kufa

Mizizi ya boga ni laini, nayo ikikatika haipendi kuota tena upesi kama ile ya sukuma wiki. Majani huendelea kupoteza maji kwa jua na upepo, wala mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuyarudisha. Basi kazi ya mkulima ni mbili: kuilinda mizizi isikatike, na kuyapunguzia majani ukali wa jua mpaka mizizi ishike.

Kabla ya kuhamisha

Yafaa kila mbegu ipandwe peke yake katika pakiti tupu ya maziwa iliyotobolewa chini. Mche ukiwa na majani mawili au matatu, mbali na yale mawili ya kwanza kabisa, uko tayari. Kwa muda wa siku saba kabla ya kuhamishwa utolewe nje: siku ya kwanza saa moja au mbili, kisha muda uongezwe kila siku.

Siku ya kuhamisha

Kazi hii ifanywe jioni, au siku ya mawingu. Mche unyweshwe kwanza, kisha pakiti ichanwe kandoni na mche utolewe pamoja na udongo wake wote, bila kuvutwa kwa shina. Samadi iwe imeoza kabisa, maana samadi mbichi huunguza mizizi. Gunia moja lapasa kuwa na mche mmoja tu wa boga.

Siku saba za kwanza

Mche utiliwe kivuli kwa jani la mgomba, gunia kuukuu au matawi, hasa tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Baada ya siku tatu au nne kivuli kipunguzwe kidogo kidogo. Nyasi kavu zitandazwe juu ya udongo, lakini zisiguse shina, lisije likaoza.

Kabla ya kumwagilia, mkulima atie kidole katika udongo. Kama chini kuna unyevu, angoje. Mche ukinyauka adhuhuri na kuinuka jioni, haudai maji. Ukiwa umenyauka alfajiri na udongo ni mkavu, una kiu. Maji yamwagwe chini ya shina. Maji yaliyooshea mboga, yasiyo na sabuni, yanafaa. Bali ya mto Mathare yasitumiwe, kwa kuwa huingiwa na uchafu wa vyoo, na majani haya huliwa.

Viko pia viwavi wakatao shina usiku. Mche uzungushiwe pete ya karatasi ngumu au kopo lisilo na kitako, ikizama kidogo udongoni.

Jani jipya likichipuka, ni dalili ya kwamba mizizi imeshika. Hata hapo mtu asikimbilie kuchuma. Angoje mmea uanze kutambaa, kisha achume machache kwa zamu. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Mche uliovumiliwa juma moja huweza kulisha jamaa kwa miezi.