MACHO, MIWANI NA PIKIPIKI: SOMO KWA WAENDESHAO NA WAPAKIWAO

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii tunaifahamu sote, na aghalabu tunaitumia katika insha. Lakini je, yule mwenye macho ambayo hayaoni vizuri, naye tumwambie nini? Na je, ikiwa mtu huyo ameshika usukani wa pikipiki, nawe umekaa nyuma yake na mkoba wako wa vitabu?

Nimechagua mada hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi mwenyewe huvaa miwani tangu darasa la sita, na wengi wenu mnanijua kwa hiyo. Ya pili, hapa Kakamega hakuna siku ipitayo bila mmoja wetu kupanda boda boda. Jina hilo lilizaliwa huku kwetu magharibi, katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako baiskeli zilivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka miaka ya 1960. Serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki zenye injini ndogo mwaka 2008, baiskeli zikaanza kusukumwa kando. Mwendo nao ukabadilika. Kwa baiskeli, jicho hafifu lilikuwa na muda wa kutambua shimo. Kwa pikipiki muda huo haupo, na hilo ndilo somo letu.

Jicho hafifu ni lipi?

Mwanga ukiingia jichoni hupitia konea, kisha mboni, kisha lenzi, na mwishowe unatakiwa uangukie barabara kwenye retina iliyo nyuma ya jicho. Kwa mtu aonaye karibu tu, kama mimi, taswira ya vitu vya mbali huundwa kabla haijafika kwenye retina. Basi anasaidiwa na lenzi mbonyeo, ile iliyo nyembamba katikati. Kwa mwenye kasoro ya kinyume chake, taswira hujaribu kuundwa nyuma ya retina, naye husaidiwa na lenzi mbinuko. Wako pia wale ambao konea zao hazikupinda sawasawa. Usiku huona taa za magari zimechomoza miali mirefu kama miiba.

Nguvu ya miwani hupimwa kwa dayopta. Hesabu yake ni rahisi: gawa 1 kwa namba ya miwani, utapata masafa kwa mita. Miwani yangu ni -2.50. Basi 1 ÷ 2.50 ni 0.4, yaani sentimita 40. Bila miwani, chochote kilicho mbele ya sentimita hizo 40 kinaanza kutia ukungu. Fikiria basi ng'ombe aliye mita 40!

Daktari naye hutumia ubao wa herufi uliobuniwa na Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862. Ukiambiwa una 6/6, unaona ukiwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona likiwa mita 6. Ukiambiwa 6/18, maana yake ni kuwa wewe lazima usogee hadi mita 6 ili uone kile ambacho mwenzako anakiona akiwa mita 18. Yaani masafa yako yamegawanywa kwa tatu.

Hesabu ya barabarani

Hebu sasa tutoe kalamu. Tuseme mwendeshaji anakwenda kilomita 60 kwa saa katika barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, akiteremka upande wa Khayega. Kila sekunde anapita karibu mita 17. Tangu jicho lione hatari hadi mkono ubane breki, tuchukue sekunde moja na nusu. Hapo pikipiki imeshakula mita 25 bila kupunguza mwendo hata kidogo. Kisha breki nazo, katika lami kavu, zitahitaji kama mita 23 nyingine. Jumla ni mita 48. Lami ikiwa na maji, na mvua za Kakamega mnazijua wenyewe kila alasiri, jumla inakaribia mita 60.

Tuseme tena mbele kuna shimo ambalo mwenye 6/6 analitambua akiwa mita 90. Huyo anasimama na nafasi inabaki. Mwenzake wa 6/18 analitambua akiwa mita 30. Zile mita 25 za mwanzo zinaisha kabla hajabana breki, anabakiwa na mita 5 tu. Ukifanya hesabu kwa ile kanuni ya mwendo tuliyofundishwa katika fizikia, utaona kuwa anaingia shimoni angali na kilomita 53 kwa saa. Breki zake hazina kosa, na wala si mlevi. Hakuona tu.

Sasa mrudishe huyo huyo kwenye kilomita 40 kwa saa. Anahitaji mita 17 za kugutuka na mita 10 za breki, jumla 27. Anasimama, na mita 3 zinabaki! Hii isiwafanye mkasema kuwa dawa ni kwenda polepole tu. Dawa ni miwani. Mwendo wa polepole ni akiba.

Giza likiingia mambo yanazidi. Mboni hufunguka sana usiku ili kupokea mwanga mwingi, na jicho lenye kasoro huona ukungu zaidi kuliko mchana. Nasi huku kwetu tuna matrela ya miwa. Trekta limeegeshwa kando ya barabara ya Mumias, halina taa nyuma, na miwa imechomoza kupita trela. Mwenye macho mazima huponea chupuchupu.

Mjomba na miwani

Mjomba wangu ni mtu wa boda boda mwaka wa kumi sasa. Likizo moja nilimwona akikunja uso kila alipotazama mbali, nikamshuku. Tukiwa steji nikamwambia:

"Mjomba, hebu nisomee namba ya ile matatu."

"Ipi? Ile nyeupe?"

"Namba, mjomba, si rangi."

Akacheka. Kisha akaniambia, "Kijana, barabara hii naijua hata nikifumba macho."

"Barabara unaijua, mjomba, lakini ng'ombe atakayekatiza leo humjui."

Hapo akanyamaza. Baadaye, tukiwa wawili, akanitolea sababu yake, nami nawaomba msiicheke. Alisema, "Abiria akiona mwendeshaji ana miwani atasema huyu ni kipofu, atapanda ya mwenzangu. Watoto wangu watakula miwani?" Kumbe alijua kitambo kuwa haoni vizuri. Kilichomzuia ni sisi abiria, tunaopenda kumwita mtu "macho manne" na kudhani kuwa ametukia mchezo.

Ilimchukua mama yangu, ambaye ni dadake mkubwa, wiki mbili kumshawishi. Alipopimwa alikutwa na -1.75 katika macho yote mawili. Siku alipovaa miwani mara ya kwanza tulipita Ilesi, akapunguza mwendo akauliza, "Hizi waya za stima zimewekwa lini?" Zilikuwepo miaka yote. Wenzake wa steji walimcheka kwa muda, wakamwita profesa. Jina hilo analo hadi leo, na wawili miongoni mwa waliomcheka wamekwenda kupimwa.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na niliyoyaona kwa mjomba na kwangu mwenyewe, pamoja na niliyoyasoma, nawapa mafunzo yafuatayo:

1. Usinunue miwani ya sokoni ukaendeshee pikipiki. Ile aghalabu ni ya kusomea, ya watu waliopita miaka arobaini. Inakuza maandishi ya karibu na kuharibu mwono wa mbali. Pimwa kwanza. Hapa mjini tuna hospitali kuu ya kaunti, na katika kaunti jirani ya Vihiga kuna Hospitali ya Macho ya Sabatia.

2. Vaa helmeti kwanza, ndipo uchomeke miwani. Fremu yenye mikono myembamba na iliyonyooka hupita kwa urahisi, haifinyi kichwa, wala haikuzibi pembeni. Asiseme mtu kuwa ameacha helmeti kwa ajili ya miwani. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wake wote wawili waivae.

3. Ukungu hutokana na pumzi yenye joto kukutana na kioo baridi. Fungua kioo cha helmeti kidogo hewa ipite. Ukizidi, simama kando. Usipanguse miwani kwa mkono mmoja huku ukienda.

4. Chagua lenzi za plastiki ngumu, si za kioo kinachovunjika vipande. Zisafishe kwa maji na kitambaa laini. Vumbi likisuguliwa kavu huacha mikwaruzo, na mikwaruzo hutawanya mwanga wa taa za usiku.

5. Miwani ya giza ni ya jua. Magharibi ikiingia, ivue.

6. Wanaovaa lenzi za ndani ya jicho wafunge kioo cha helmeti, kwani upepo huzikausha na vumbi huingia chini yake. Wasizisuuze kwa maji ya bomba wala ya mto, kwa kuwa humo mna vijidudu viwezavyo kulila jicho. Na mfukoni wawe na miwani ya akiba.

7. Miwani haitibu kila kitu. Mtoto wa jicho huhitaji upasuaji. Presha ya macho huiba mwono wa pembeni polepole, na mgonjwa anaweza kusoma herufi zote ubaoni ilhali haoni gari linalotoka ubavuni. Ndiyo maana daktari lazima alitazame jicho lenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2019 kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana kasoro ya mwono, na kwamba walau bilioni 1 kati yao wangeweza kukingwa au bado hawajapata msaada wanaouhitaji. Wengi wa hao bilioni hawangojei dawa mpya ivumbuliwe. Wanangoja miwani tu.

Baadhi yetu tukimaliza kidato cha nne tutashika pikipiki, ama kwa kazi ama kwa safari zetu. Hilo si aibu. Ila kabla ya kwenda kuomba leseni, fanya jaribio hili. Azima utepe wa mwalimu wa michezo, pima mita 20 kutoka kwenye gari lililoegeshwa, na usome namba yake mchana. Huko Uingereza dereva asiyeweza hata kwa miwani haruhusiwi kuendesha. Ziba jicho moja kwa kiganja, kisha jingine. Ukishindwa, mwone mpimaji wa macho kabla ya kumwona mwalimu wa pikipiki.

Maswali ya kujipima

(a) Mwanafunzi ana miwani ya -4.00. Bila miwani, mwono wake ulio safi unaishia wapi?

(b) Mwendeshaji mwenye 6/12 anakwenda kilomita 60 kwa saa katika lami kavu. Jicho zima hutambua shimo hilo likiwa mita 90. Je, atasimama kwa wakati? Na mvua ikinyesha, itakuwaje?

(c) Tumia neno "mboni" katika sentensi mbili, moja ya sayansi na nyingine ya mapenzi ya mzazi kwa mwanawe.

(d) Steji kuna pikipiki mbili. Mmoja wa waendeshaji amevaa miwani, mwingine anakunja uso akitazama mbali. Utapanda ya nani, na utamwambia nini yule wa pili?