Spika inavuma? Anza na betri kabla ya kuilaumu TANESCO

Amplifaya ya kujiundia ikianza kuvuma, wa kwanza kulaumiwa ni TANESCO. Hapa Songea lawama hiyo ina historia yake. Hadi mwaka 2018, mji ulipounganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, tuliishi zaidi kwa majenereta ya dizeli, na umeme wa kuyumba tuliuzoea. Siku hizi, hata hivyo, kelele nyingi za spika zinazaliwa ndani ya boksi lenyewe, na dawa yake ni ya bei ndogo ukishajua zinatokea wapi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mita. Kama bodi yako inatumia volti 12, chomoa adapta, unganisha betri ya bodaboda, sikiliza. Mvumo ukikatika, tatizo liko upande wa umeme: adapta, transfoma au njia ya hasi yake. Ukibaki, chunguza waya wa sauti na jinsi ulivyounganisha hasi. Simu nayo itoe kwenye chaji wakati wa kupima, kwa sababu simu inayochajiwa huku ikipiga muziki huleta kelele zake yenyewe.

Tuseme mvumo umekatika. Umeme wetu ni volti 230 na hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Ukipita kwenye daraja la dayodi nne, mawimbi yanakuwa 100 kwa sekunde, na huo ndio mvumo mzito unaousikia. Kapasita kubwa iko pale kujaza mabonde kati ya vilele. Wengi huweka kapasita yoyote iliyopatikana kwenye bodi ya redio mbovu, halafu wanashangaa.

Hesabu yake ni fupi: chukua ampea zinazotumika, gawanya kwa 100, kisha gawanya kwa ukubwa wa kapasita kwa faradi. Kwa ampea 1 na kapasita ya mikrofaradi 4,700, volti zinapanda na kushuka kwa takriban 2. Sasa chukua transfoma ya volti 12, ambayo karibu kila mtu huanza nayo. Kilele chake ni kama volti 17. Dayodi zinakula 1.4, unabaki na 15.5. Bonde linashuka hadi 13.4. Ukiifuatisha na regileta ya 7812, ambayo kwa kawaida huhitaji ziada ya volti 2 ili itoe 12 safi, umeshakwama: inataka 14, unaipa 13.4. Kila bonde linapita moja kwa moja hadi kwenye spika, mara 100 kwa sekunde, na regileta uliyoinunua ili ikate mvumo inaupitisha.

Kapasita ya 10,000 inapandisha bonde hadi 14.5, na mchana unaweza kudhani umemaliza kazi. Jioni, mtaa mzima ukiwasha vitu na umeme ukishuka kwa asilimia 10, hata kilele baada ya dayodi kinashuka chini ya 14 na mvumo unaanza upya. Hapo ndipo watu wa Bombambili na Lizaboni hapa mjini wanaposema umeme wa usiku ni mchafu. Umepungua tu. Mimi ningenunua transfoma ya volti 15, kapasita ya volti 35, na bati la kutosha la kupozea regileta, kwa sababu sasa itachoma wati 6 hadi 7. Au usiipitishe amplifaya kwenye regileta kabisa: IC kama TDA2030 inavumilia mawimbi kiasi. Sehemu isiyovumilia ni bodi ndogo ya toni na maiki. Iwekee rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 1,000 kwenye njia yake ya umeme. Mvumo wa 100 utapungua zaidi ya mara 60.

Halafu kuna hasi, na hapa hata mafundi wazoefu hujikwaa. Kati ya daraja la dayodi na kapasita mkondo hauendi taratibu. Unaingia kwa vishindo vifupi vikali, vikubwa mara kadhaa kuliko mkondo wa kawaida. Ukiunga hasi ya sauti popote kwenye waya huo, vishindo vyote vinaingia kwenye muziki. Anzisha hasi zote kwenye mguu wa kapasita wenyewe, kila moja kwa waya wake: ya amplifaya, ya bodi ya toni, ya spika. Nimeona boksi likinyamaza kabisa kwa kuhamisha waya mmoja sentimita nne tu.

Chaja za simu zina kelele ya aina nyingine: mluzi mwembamba, wakati mwingine unaobadilika muziki unapocheza. Kwenye bodi ndogo za volti 5 kama PAM8403 zilizounganishwa na bodi ya Bluetooth, mluzi huo mara nyingi hautoki kwenye chaja. Bodi mbili zinatumia hasi moja, na kazi ya kidijitali ya Bluetooth inavujia kwenye sauti. Kapasita haisaidii sana hapo. Tafuta kigeuzi kidogo cha kutenganisha, B0505S, kinachoingiza volti 5 na kutoa volti 5 bila hasi kuungana. Kipe Bluetooth peke yake.

Walio vijijini kwenye sola wajihadhari na inveta za bei rahisi zenye mawimbi ya mraba. Amplifaya ya volti 12 ichukue umeme kwenye betri moja kwa moja; kupitia inveta ni kujitafutia kelele.

Onyo moja lisilo na mjadala. Vifaa viwili vyenye plagi za pini tatu vikiunganishwa kwa waya wa sauti vinaweza kuvuma, na kuna watu hukata waya wa ethi ili kunyamazisha. Mvumo unakatika kweli, lakini siku umeme ukivuja, boksi la chuma linabaki na volti 230 na mtu anaishika maiki. Acha ethi ilivyo. Weka transfoma ndogo ya sauti yenye uwiano wa 1:1 kwenye waya wa sauti, kati ya vifaa hivyo viwili.